Ajira Migori na Homa Bay: Kila jina la mshahara na liwe na kikao chake

KIKAO cha bodi ya utumishi wa umma ya kaunti si jambo la kuvuta umati. Hakuna bendera zinazopeperushwa wala vipaza sauti vinavyohanikiza. Watu wasiozidi saba huketi mezani wakapitia maombi ya idara, majina ya waliofuzu mahojiano, kesi za nidhamu na orodha ya wanaosubiri kupandishwa cheo, kisha karatasi zikatiwa sahihi na kuhifadhiwa katika majalada.

Hata hivyo, katika kaunti za Migori na Homa Bay, karatasi hizo ndizo huamua iwapo zahanati katika kisiwa cha Mfangano itapata muuguzi, iwapo watoto wa chekechea huko Kegonga watakuwa na mwalimu, na iwapo kijana wa Nyatike aliyehitimu chuo miaka kadhaa iliyopita atazidi kuzunguka na bahasha ya vyeti kwapani.

Umuhimu wa bodi hizo hutokana na uhaba wa waajiri wengine. Wakazi wengi wa kaunti hizi mbili hutegemea kilimo, uvuvi wa Ziwa Victoria, biashara ndogondogo na uchimbaji wa dhahabu. Kiwanda cha sukari cha Sony mjini Awendo, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa tegemeo la maelfu ya familia za Migori, kilikodishwa kwa mwekezaji wa kibinafsi mwaka 2025. Kwa msomi asiye na mtaji, kazi ya kaunti imekuwa miongoni mwa nafasi chache za mshahara wa uhakika karibu na nyumbani.

Ndipo swali la nani anaajiriwa, na kwa utaratibu upi, linapogeuka kuwa suala la maisha ya watu badala ya shughuli ya kawaida ya ofisi.

KINGA YA SHERIA

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 235, ilizipa serikali za kaunti mamlaka ya kubuni na kufuta nafasi za kazi, kuajiri na kuwaadhibu watumishi wao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikaikabidhi kazi hiyo bodi yenye mwenyekiti, wanachama wasiopungua watatu na wasiozidi watano, pamoja na katibu mwenye taaluma ya ukatibu wa mashirika.

Gavana ndiye huwateua, lakini sharti bunge la kaunti liwaidhinishe. Muhula wao ni miaka sita isiyoweza kuongezwa. Kumwondoa mwanachama kabla ya muda huo kwahitaji sababu zinazotambuliwa na Katiba, na kura za asilimia 75 ya wajumbe wote wa bunge la kaunti.

Hesabu hiyo ya miaka haikuwekwa kwa bahati. Gavana huchaguliwa kwa miaka mitano, ilhali bodi hudumu kwa sita. Waliotunga sheria walikusudia kwamba bodi ipite uchaguzi mmoja ikiwa bado ofisini, ili wanachama wake wasimwogope anayeondoka wala kumnyenyekea anayeingia.

Kaunti hizi zimewahi kuishi hali hiyo. Mwaka 2022, Bw Okoth Obado wa Migori na Bw Cyprian Awiti wa Homa Bay walikamilisha mihula yao miwili. Nafasi zao zikatwaliwa na Bw Ochillo Ayacko na Bi Gladys Wanga, mtawalia. Magavana wapya walirithi madeni, miradi na, zaidi ya yote, orodha ya wafanyakazi waliokuwa wameajiriwa na wengine.

Tatizo ni kwamba kinga ya muhula hulinda kiti cha mwanachama pekee. Hailindi mlango wa kuingilia kazini.

Chini ya sheria hiyo, bodi huajiri baada ya afisa mkuu wa idara husika kuwasilisha ombi. Afisa huyo naye huteuliwa na gavana kutoka miongoni mwa watu waliopendekezwa na bodi yenyewe, kisha akaidhinishwa na bunge. Bajeti ya mishahara hutayarishwa na serikali ya gavana na kupitishwa na madiwani. Kwa hivyo bodi yaweza kuwa huru kwa maandishi, na bado ikawa inapokea kutoka kwa wengine ombi, fedha na hata haraka ya kufanya uamuzi.

MWANYA WA VIBARUA

Mlango wa pili ni ule wa vibarua. Idara inayohitaji wafagiaji wa soko, walinzi wa hospitali au wakusanyaji ushuru huweza kuwachukua kwa malipo ya siku, bila tangazo wala mahojiano. Kazi ya wiki mbili huwa ya miezi miwili, na ya miezi miwili ikawa ya miaka.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimwachi kibarua wa aina hiyo bila ulinzi. Kifungu cha 37 chaeleza kwamba anayefanya kazi kwa muda mrefu mfululizo huhesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida, pamoja na haki zinazoambatana nao. Huo ni ulinzi wa haki kwa mnyonge, na hakuna wa kuulaumu.

Lakini kwa bodi, matokeo yake ni kwamba majina huletwa mezani yakiwa tayari yana haki. Mwanachama anayeuliza walivyoingia huonekana kana kwamba anataka kuwafuta maskini kazi. Bodi iliyopaswa kuchagua hubaki kuidhinisha. Kijana aliyesubiri tangazo kwa uaminifu hujikuta ameachwa nyuma na yule aliyejuana na mkubwa wa idara.

Ni katika mazingira kama hayo ambapo wafanyakazi hewa hupata maficho. Baada ya uchaguzi wa 2022, serikali ya Homa Bay iliendesha uhakiki wa watumishi wake na kutangaza kwamba orodha ya malipo ilikuwa na majina yasiyokuwa na wenyewe kazini. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti mbalimbali nchini zimekuwa zikirejelea kasoro za mishahara mwaka baada ya mwaka.

Uhakiki wa kuhesabu vichwa husaidia, ila ni sawa na kufagia maji sakafuni huku bomba likivuja. Mfanyakazi hewa hawezi kudumu pale ambapo kila jina lililo katika orodha ya mishahara linaweza kufuatwa kinyumenyume: kutoka malipo hadi barua ya ajira, kutoka barua hadi kumbukumbu za kikao cha bodi, na kutoka kikao hadi tangazo la nafasi. Jina lisilo na kikao ndilo la kuulizwa.

Kwa sababu hiyo, masjala ya bodi ndiyo ngome ya kwanza dhidi ya wizi wa mishahara, kabla ya mkaguzi yeyote kutoka Nairobi kuwasili.

WAKURIA NA WASUBA

Sheria ya 2012 pia yaitaka bodi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya chini zinajazwa na watu wasiotoka katika jamii iliyo na wengi katika kaunti. Sharti hilo moja lina maana tofauti katika kaunti hizi mbili.

Migori, iliyokuwa na wakazi 1,116,436 katika sensa ya 2019, ina maeneobunge manane. Mawili kati yake, Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, ni makao ya Wakuria, ilhali Waluo ndio wengi katika kaunti. Tangu 2013, wadhifa wa naibu gavana umekuwa ukimwendea Mkuria, kwanza Bw Nelson Mahanga Mwita na baadaye Bw Joseph Gimunta Mahiri, kama ishara ya kugawana uongozi.

Lakini kiti kimoja cha juu hakimlishi msichana wa Kehancha anayetafuta kazi ya ukarani. Kwake, usawa hupimwa kwa orodha ya walioajiriwa katika ngazi ya chini, na orodha hiyo isipochapishwa, yeye na jirani yake wa Uriri hubaki na tetesi. Tetesi za ubaguzi katika eneo lenye historia ya mivutano ya kijamii mpakani si jambo la kupuuzwa.

Kwa Homa Bay, iliyokuwa na wakazi 1,131,950 katika sensa hiyo, ugumu ni wa namna nyingine. Jamii nyingine ni chache, na Wasuba wa Mbita, Gwassi, Rusinga na Mfangano wameoana na kuchanganyika na Waluo kwa vizazi vingi, kiasi kwamba wengi wao sasa huzungumza Kiluo. Je, Msuba anayezungumza Kiluo ahesabiwe upande gani? Na nafasi zifanyweje iwapo waombaji kutoka nje ya kaunti hawajitokezi?

Sheria haina jibu jepesi. Kilicho wazi ni kwamba bodi isiyoeleza ilivyohesabu haiwezi kujitetea ikishutumiwa, hata kama ilitenda haki.

Aidha, kuna suala la umbali. Sheria yataka nafasi zitangazwe kwa njia itakayowafikia watu wengi iwezekanavyo. Tangazo la gazeti moja halimfikii kwa wepesi mwombaji wa Mfangano, ambaye sharti avuke maji hadi Mbita kabla ya kushika barabara ya kuelekea mjini Homa Bay. Matangazo kupitia redio za Kiluo na Kikuria, ofisi za wadi na makanisa yangegharimu kidogo na kufika mbali.

MISHAHARA NA WAFADHILI

Yote hayo yanatendeka wakati ambapo fedha zimebana. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za mwaka 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, Homa Bay ilitengewa takriban Sh7.8 bilioni katika mgao wa mapato ya kitaifa, na Migori takriban Sh8 bilioni. Kwa mgao huo pekee, kikomo cha mishahara kingekuwa takriban Sh2.7 bilioni na Sh2.8 bilioni, mtawalia.

Kaunti nyingi zimekuwa zikivuka kiwango hicho, na kongamano la kitaifa kuhusu mishahara lililofanyika Nairobi mnamo Aprili 2024 liliweka lengo la kukifikia kufikia mwaka 2028.

Huku kikomo kikiwa hicho, mzigo umeongezeka. Homa Bay ilikuwa na kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya Ukimwi nchini katika utafiti wa kitaifa wa 2018, kikiwa asilimia 19.6 ya watu wazima. Kwa miaka mingi, huduma za ugonjwa huo katika eneo la Nyanza zilitegemea pia wahudumu waliolipwa kwa fedha za Marekani. Mnamo Januari 2025, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa.

Mwaka uo huo, wahudumu wa afya walioajiriwa chini ya mpango wa Afya kwa Wote walipiga kambi nje ya makao makuu ya Wizara ya Afya jijini Nairobi wakidai ajira ya kudumu, huku serikali ya kitaifa ikiwaelekeza kwa kaunti.

Bodi hivyo basi hujikuta na makundi matatu mlangoni: vibarua waliozeeka kazini, wahudumu wenye ujuzi walioachwa na wafadhili au kuhamishwa kutoka wizarani, na vijana ambao hawajawahi kupata nafasi. Nafasi hazitoshi wote. Kila anayeingia anamzuia mwingine, na ndiyo maana utaratibu wa kuchagua una uzito sawa na uamuzi wenyewe.

Ni kwa ukosefu wa imani katika utaratibu huo ambapo vyama vya wahudumu wa afya vimekuwa vikishinikiza kuundwa kwa tume ya kitaifa ya kuwaajiri na kuwapandisha vyeo, tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013. Kaunti zimepinga zikihofia kupokonywa mamlaka. Lakini njia bora ya kuzima dai hilo ni kuonyesha kwamba bodi za mashinani zinaaminika.

KABLA YA 2027

Uchaguzi mkuu umepangiwa Agosti 2027. Miezi ya kabla ya uchaguzi ndiyo yenye vishawishi vingi: barua za ajira huweza kugeuka kuwa shukrani kwa wapiga kampeni, na gavana anayefuata akaja kuzifuta. Anayeumia katika mvutano huo ni mwenye barua, ambaye hana hakika iwapo alipata kazi au alikopeshwa tu.

Sheria imekwisha kuweka dawa. Bodi inatakiwa kuwasilisha ripoti kwa bunge la kaunti kuhusu kazi zake, na anayedhulumiwa anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Kaimu wa wadhifa hapaswi kukaimu kwa zaidi ya miezi sita. Kinachokosekana mara nyingi ni wa kuuliza.

Madiwani 40 waliochaguliwa katika kila moja ya kaunti hizi wanaweza kuanza kwa kudai mambo matatu kila mwaka: idadi ya nafasi zilizotangazwa na zilizojazwa, mgawanyo wa walioajiriwa kwa jamii, jinsia, ulemavu na eneo, na idadi ya waliolipwa bila kupitia bodi. Ugumu ni kwamba baadhi ya madiwani wenyewe huandamwa na wapiga kura wanaotaka watoto wao waandikwe kazi, na anayebisha hodi katika ofisi ya bodi akiwa na orodha mfukoni hawezi kuikagua kesho yake.

Kwa mwombaji wa Kegonga au Mfangano, ripoti hizo zisipotolewa hasara yake ni dhahiri. Atakosa kazi, na hatajua kama alishindwa na mwenzake aliyemzidi alama au na jina ambalo halikuwahi kufika mbele ya kikao chochote.