Mkataba Hauchumi Parachichi

Pita Makambako, mkoani Njombe, pale malori ya Songea yanapokutana na yale ya Tunduma, au hudhuria mkutano wa kijiji huko Lupembe, utasikia kauli ileile: "Kulima tunajua, shida yetu ni soko. Serikali itutafutie soko." Mwanasiasa anayetaka makofi anajua la kujibu. Anaahidi kwamba nchi fulani iko mbioni kufungua milango. Rais akirudi safari, magazeti yanahesabu hati zilizosainiwa, na Njombe tunaambiwa dhahabu ya kijani, yaani parachichi, sasa imepata mwenyewe.

Nasema imani hii ni ya uongo, na inamtia mkulima hasara kubwa kuliko dalali yeyote anayepita na mizani iliyochezewa. Anayeamini kwamba soko huletwa na mkataba hukaa akisubiri. Wakati anasubiri, wenzake wanauza.

Tuanze na Ulaya. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya unaziruhusu nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa kuuza huko karibu kila kitu, isipokuwa silaha, bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Tanzania imo. Ndiyo maana Bunge letu lilipoukataa mkataba wa ubia wa kiuchumi wa Afrika Mashariki na Ulaya mwaka 2016, parachichi letu halikupandishiwa ushuru hata senti. Kenya, isiyokuwamo kwenye orodha hiyo, ilibidi isaini wa peke yake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Sisi bandari ya Rotterdam tuko huru kuingia kwa karibu robo karne. Kama ruhusa ndiyo soko, mkulima wa Uwemba angekuwa ameshatajirika.

China nayo? Novemba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Beijing, itifaki ya parachichi ilisainiwa. Kisha kuanzia tarehe 1 Desemba 2024 China ikafuta ushuru wa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni ambazo ina uhusiano nazo wa kibalozi. Ushuru ni sifuri. Lakini itifaki za namna hii hazisemi "karibuni mlete." Zinataka shamba lisajiliwe, kituo cha kufungashia kikaguliwe na kuidhinishwa, tunda lisiwe na wadudu wanaoogopwa, na sanduku liweze kufuatiliwa mpaka shamba lilikotoka. Wino ulikauka siku ileile. Kazi iliyobaki ni ya miaka, na haifanyiki Beijing. Inafanyika Wanging'ombe na Igominyi.

Atakayenibishia atanikumbusha ugomvi wa Aprili 2025. Afrika Kusini ilikuwa imezizuia ndizi zetu kwa miaka, na Malawi mwezi uliotangulia ilikuwa imefunga mpaka kwa unga, mchele, tangawizi na ndizi kutoka kwetu. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akajibu kwa kupiga marufuku mazao ya nchi hizo mbili, yakiwemo matufaa ya Afrika Kusini, tunda ambalo Njombe na Makete tunalilima. Baada ya siku chache mazungumzo yakaanza na marufuku ikaondolewa. Je, si ushahidi kwamba diplomasia ndiyo kila kitu?

Mimi naona kinyume chake. Nchi zote tatu, yetu ikiwemo, zimo katika eneo huru la biashara la SADC lililozinduliwa 2008. Mkataba upo, umesainiwa, una umri wa kijana wa sekondari, na bado ndizi zilikaa nje miaka yote hiyo. Ushuru ukishaondolewa, nchi hupigana kwa vibali vya afya ya mimea. Huko hotuba hazisaidii. Anayeshinda ni mwenye maabara, takwimu za wadudu na wakaguzi wanaoaminika.

Sasa tuitazame Peru, kwa kuwa ndiyo tunayoshindana nayo bila kuijua. Nchi hiyo ya Amerika Kusini ni ya pili duniani kwa kuuza parachichi nje, ikitanguliwa na Meksiko tu, na tunda lake hufurika Ulaya hasa kati ya Aprili na Agosti, miezi inayogongana na msimu wetu. Ukitaka kuona mikataba, Peru inayo ya kutosha: na Marekani tangu 2009, na China tangu 2010, na Umoja wa Ulaya tangu 2013. Anayependa wimbo wa "tutafutiwe soko" ataishika orodha hiyo na kusema, unaona?

Atazame tarehe vizuri. Mkataba wa biashara huria wa Peru na China ulianza Machi 2010. Parachichi la Peru liliruhusiwa kuingia China 2015. Miaka mitano katikati ilikuwa ya nini, ikiwa mkataba ndio soko? Ilikuwa ya SENASA, mamlaka yao ya afya ya mimea na mifugo, kukagua mashamba, kutega mitego ya nzi wa matunda, kusajili vituo vya kufungashia na kujibu maswali ya Wachina moja baada ya jingine. Na parachichi hizo kwa sehemu kubwa zinatoka pwani ambayo ni jangwa, mahali mvua ni nadra sana. Serikali ilichimba mifereji kama Chavimochic kuleta maji ya mto Santa unaoshuka kutoka milima ya Andes. Sisi mvua ya Njombe tunaipata bure, na mwinuko wa Nyanda za Juu Kusini hatukuujenga.

Kuna jambo jingine la Peru ambalo wapenda ziara za viongozi hawalisemi. Kati ya Julai 2016 na mwisho wa 2025, watu saba waliapishwa kuwa marais wa nchi hiyo. Saba! Mmoja alidumu siku chache tu mwaka 2020. Wengine waling'olewa, wengine walijiuzulu. Katika vurugu zote hizo, kontena za parachichi ziliendelea kutoka. Novemba 2024, Rais Dina Boluarte na Xi Jinping walizindua bandari ya Chancay, kaskazini mwa Lima, iliyojengwa na kampuni ya China Cosco, na meli za kwenda Shanghai zikapata njia fupi zaidi. Mwaka uliofuata Boluarte akaondolewa na Bunge. Bandari ilibaki na wakaguzi walibaki. Biashara ya Peru haikuwa imefungwa kwenye mkono wa rais anayesaini.

Sisemi tuige kila kitu cha Peru. Desemba 2020 wafanyakazi wa mashamba ya Ica waliifunga barabara kuu ya nchi wakidai ujira wa haki, na Bunge likalazimika kuifuta sheria ya kilimo iliyokuwa ikiwanufaisha wenye mashamba makubwa. Huko parachichi kwa sehemu kubwa ni la kampuni kubwa. Njombe parachichi kwa sehemu kubwa ni la familia yenye ekari moja au mbili, na hilo ni jambo la kulinda. Lakini ekari mbili peke yake hazina karatasi, hazina ubaridi, na hazina sauti mbele ya mnunuzi.

Hapo ndipo penye jeraha letu. Mwanzoni mwa msimu, bei ikiwa juu, dalali anakuja na fedha taslimu mkononi. Ada ya shule haijalipwa. Tunda changa linachumwa. Parachichi lililochumwa kabla ya wakati haliivi, linanyauka. Likifika Ulaya limekunjamana, mnunuzi wa kule hajui jina la mkulima wala la dalali. Anachokijua ni jina la nchi lililoandikwa kwenye sanduku, na msimu ujao anapunguza bei kwa wote, hata kwa yule aliyengoja. Kenya, kwa kulijua hilo, hufunga uvunaji wa parachichi za kusafirishwa kwa meli kwa miezi kadhaa kila mwaka. Na wafanyabiashara wake huja mpaka kwetu kununua, tunda la Njombe likapita Mombasa na kuhesabiwa la Kenya. Hao nao walitafutiwa soko na nani?

Kisha kuna barabara. Kutoka Makambako hadi Bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600, ukishuka mteremko wa Kitonga. Parachichi la aina ya Hass lililochumwa asubuhi likakaa juani mpaka jioni limeshapoteza siku zake za baharini. Tangu meli nyingi zianze kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kukwepa mashambulizi ya Bahari ya Shamu, safari ya Ulaya imerefuka, na tunda lisilopoozwa mapema halina nafasi. Reli ya TAZARA inapita katikati ya Makambako tangu miaka ya 1970. Mradi wa kuifufua pamoja na Wachina ukitufikia, tuulize swali moja la kijinga: mabehewa ya ubaridi yamo?

Najua mkulima atasema hana mtaji wa kujenga chumba cha baridi wala wa kungojea tunda likomae. Ni kweli kabisa, na ndiyo hoja yangu. Hayo ndiyo ya kuidai serikali: maofisa wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu walio wilayani, kipimo cha ukomavu katika kila kituo cha kukusanyia, kalenda ya uvunaji inayosimamiwa kweli, ushirika unaoweza kumkopesha mwanachama ada ya shule ili asiuze tunda bichi, umeme usiokatika kwenye vituo vya kupoozea. Mambo hayo hayana zulia jekundu. Hayapigwi picha. Ndiyo maana hakuna anayekimbilia kuyaahidi.

Basi mgombea au waziri akija Njombe akisema ametuletea soko, tusipige makofi upesi. Tumuulize mashamba mangapi ya wilaya hii yamesajiliwa kwa soko hilo, vituo vingapi vya kufungashia vimeidhinishwa, mkaguzi anakaa wapi, na kontena la ubaridi linapatikana Makambako siku gani. Akiwa na majibu, tumchague. Akiwa hana, ametuletea karatasi, na karatasi tunazo nyingi tangu 2001.