Chombo kikizama, kosa si la nahodha peke yake

Kashebere haina ziwa wala bandari. Iko mpakani mwa Masisi na Walikale, na mkaaji wake anayekwenda Goma hufuata barabara ya Masisi hadi Sake. Lakini mwezi wa pili 2024 vita vilipokaribia Sake, barabara ilifungwa, na wakaaji wengi wa Masisi na Kalehe wakabaki na njia moja: kuteremka Minova na kupanda mashua. Kwa hiyo ajali ya Ziwa Kivu inawahusu pia watu wa milimani.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma. Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilibeba watu 278 na kwamba 78 walikufa. Mamlaka ya Kivu ya Kaskazini ilitoa hesabu ndogo zaidi. Tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi. Kama majina ya abiria yangeandikwa Minova kabla ya kamba kufunguliwa, hakuna kiongozi angebahatisha hesabu ya maiti.

Kila mara chombo kinapozama, kidole cha kwanza huelekezwa kwa nahodha. Si bure. Yeye ndiye anayejua uzito, upepo na mawimbi, na ana haki ya kukataa kuondoka. Huko Italia, meli Costa Concordia iligonga mwamba tarehe 13 mwezi wa kwanza 2012 na watu 32 wakafa. Nahodha alihukumiwa miaka 16 ya kifungo. Lakini mahakama haikuishia kwake. Maofisa wa meli walihukumiwa pia, pamoja na msimamizi wa kampuni ambaye siku hiyo alikuwa nchi kavu.

Hapo ndipo kwetu tunapokwama. Nahodha hapakii mizigo peke yake. Mwenye mashua anataka faida, wakala anauza tiketi hata nafasi zikiisha, ofisa wa bandari anaona chombo kimelala upande na bado anakiachilia. Tanzania ilijifunza kwa uchungu: kivuko MV Nyerere kilichojengwa kwa abiria 101 kilipinduka karibu na Ukara mwezi wa tisa 2018, na watu 228 wakafa.

Dawa inajulikana, na si ya bei kali. Orodha ya abiria ibaki bandarini kabla ya safari. Alama ya mwisho wa uzito ichorwe ubavuni mwa kila mashua. Kila abiria apewe jaketi ya kuokoa maisha. Na ruhusa ya kuondoka iwe na sahihi ya mtu mmoja, jina lake lisomeke, ili ajali ikitokea ajulikane.

Tangu mwezi wa kwanza 2025, Minova na Goma ziko mikononi mwa M23. Hilo halibadilishi wajibu. Anayeshika bandari na kukusanya kodi yake ndiye anayepaswa kuhesabu vichwa. Mwanamke wa Kashebere anayepeleka maharagwe sokoni hakuchagua ziwa, vita vilimchagulia. Angalau aandikwe jina kabla ya kupanda.