Kopo Refu Halina Hasara
Na Hamisi Mbwana

Kanuni ya hesabu inayofundishwa sekondari husema kwamba mcheduara, yaani umbo la bomba lililozibwa ncha zote mbili, hutumia eneo dogo kabisa la uso kwa ujazo uleule pale kimo chake kinapolingana na kipenyo, na kwa kigezo hicho kopo la soda la mililita 330, lenye kipenyo cha milimita 66 na kimo cha takriban 115, huhukumiwa kuwa linafuja alumini. Hukumu hiyo ni ya haraka. Eneo linalozidi halifiki asilimia 4, tena kanuni yenyewe huchukulia kwamba bamba lina unene mmoja kila mahali, jambo ambalo kiwandani halipo.

Ukuta wa kopo huvutwa kwa mashine hadi ukabaki na unene wa karibu milimita 0.1, na husimama imara kwa msaada wa gesi ya kinywaji inayousukuma kutoka ndani, ndiyo maana kopo lililokwisha kunywewa hufinyika kwa vidole viwili. Kifuniko, kwa kuwa ni bapa na shinikizo hukibenua, hutengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) yenye magnesi nyingi zaidi, na unene wake ni kama maradufu ya ukuta. Kitako nacho kingekuwa kinene zaidi ya kilivyo sasa, lau kisingebonyezwa kwa ndani kikawa kuba. Ncha zote mbili zikiwa na unene maradufu ya ukuta, hesabu ileile hudai kimo kiwe mara mbili ya kipenyo, na kopo la kawaida halijafika huko.

Akiba kubwa zaidi imepatikana shingoni. Katika miaka ya 1960 kifuniko kilikuwa na kipenyo cha karibu milimita 68. Kilichoenea leo kina 54 hivi, kwa hiyo eneo lake limepungua kwa zaidi ya theluthi, ilhali tumbo la kopo limebaki karibu vilevile. Kazi hiyo si nyepesi, kwani ukuta mwembamba ukibanwa kwa mkupuo mmoja hujikunja, hivyo shingo hupunguzwa hatua kwa hatua katika vyuma vingi vinavyofuatana. Mnywaji ndiye anayeuwekea upunguzaji huo mpaka: kifuniko lazima kibaki na nafasi ya kishikio cha kufungulia na ya tundu linalotosha mdomo.