Neno la Mhariri: Mafunzo Yanapohama na Mwalimu

Ripoti za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tunazosomewa vikaoni huanza kwa idadi: walimu waliohudhuria, jumuiya za kujifunza zilizokutana, moduli zilizosomwa kwenye mfumo wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Halafu linakuja jedwali la dodoso, ambamo karibu kila mwalimu amejibu kwamba mafunzo yamemfaa sana. Wenzetu kadhaa hapa Dodoma wameanza kuziita ripoti hizo tathmini, na hilo ndilo lililotusukuma kuandaa toleo hili. Kumbukumbu za mahudhurio zina kazi yake, lakini hazitoshi kuwa tathmini. Katika ngazi zake za kutathmini mafunzo, Donald Kirkpatrick aliuweka uridhikaji wa mshiriki chini kabisa tangu 1959, naye Thomas Guskey, alipoandika juu ya walimu mwaka 2000, alimweka mwanafunzi kileleni. Wanaosaini ripoti zetu waliwasoma wote wawili chuoni.

Mkoa huu unajua tathmini ya kweli inavyofanywa. EQUIP-Tanzania, mradi uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 hadi 2020, ulipimwa mwaka 2014, 2016 na 2018 kwa kurudi katika shule zilezile na kuzilinganisha na shule za wilaya ambazo haukufika. Mtoto wa darasa la tatu alikalishwa, akasoma, akahesabu. Katika Kiswahili, kundi la watoto waliokuwa mkiani kabisa lilipungua. Mafunzo ya KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) yalizaa kitu, na tunaweza kulisema hilo kwa sababu kuna aliyekwenda kumsikiliza mtoto.

Swali tunalotaka liulizwe sasa ni jingine: mwalimu aliyefunzwa yuko wapi leo?

Anayeujua uwanda huu wa kati anajua mambo yanavyokwenda. Shule ya kijijini Chemba, Bahi au Chamwino inapokea ajira mpya, mwalimu anakwenda mafunzo ya kufundisha kusoma, anarudi, anaanza kuiva, kisha barua ya uhamisho inafika. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mvuto wa Jiji umezidi. Mume au mke ana kazi kwenye ofisi za Serikali Mtumba, bomba linatoa maji, hospitali iko karibu. Hatumlaumu mwalimu anayeifuata familia yake. Tunachokilaumu ni mfumo unaoyaandika mafunzo yake kama mali ya shule ambayo ameshaiacha.

Uhamisho mwingine hauhitaji hata barua. Mwalimu aliyefunzwa kufundisha darasa la kwanza anapangiwa Hisabati darasa la sita, maana mwalimu mkuu anaogopa matokeo ya darasa la saba, na darasa la kwanza halina mtihani wa taifa utakaomuumbua. Darasa la kwanza anapewa yeyote aliyebaki. Guskey aliitenga ngazi nzima, ya tatu, kwa ajili ya taasisi: je, shule yenyewe imeyashika mafunzo? Ngazi hiyo ndiyo tunayoiruka kila mwaka. Mwalimu anapohama anakabidhi vitabu, funguo na daftari la mahudhurio. Alichojifunza hakimo kwenye hati ya makabidhiano, na hakuna anayekiulizia.

Kwa hiyo tunapendekeza kinachopimwa kiwe darasa, na lipimwe baada ya miaka miwili. Darasa la pili la shule hii lina mwalimu aliyefunzwa hivi leo? Mtoto anaweza kusoma ukurasa ambao hajawahi kuuona? Shule iliyofunziwa walimu watatu wakaondoka wote ihesabiwe kwamba haijafunziwa, hata kama watatu hao wanang'ara mjini. Tutajibiwa kwamba taifa halijapoteza kitu, kwa kuwa bado wanafundisha. Hoja hiyo ni kweli kwa Tanzania, lakini kwa mtoto wa Chemba haina maana yoyote.

Mpimaji tunaye tayari: Afisa Elimu Kata. Kenya, katika mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome ulioanza 2015, maofisa wa ngazi hiyo waliingia darasani na tableti, wakamtazama mwalimu akifundisha, wakawasikiliza wanafunzi wachache wakisoma, kisha wakakaa na mwalimu kuzungumza. EQUIP-Tanzania iliwapa maofisa wetu wa kata pikipiki. Pikipiki inataka mafuta kila mwezi, na bajeti ya halmashauri inayokosa fedha hiyo imeshaamua kwamba darasa halitapimwa.

Makala inayofungua toleo inahusu watoto wa Mpwapwa na Kongwa wanaoingia shule wakiwa na Kigogo tu. Mwandishi anaonyesha kwamba mwalimu aliyefunzwa vizuri mbinu za kusomesha bado anakwama pale herufi zinapounda neno ambalo mtoto halijui. Isomeni kwa makini, hasa nyinyi mnaoandaa moduli. Ya pili inachambua mafunzo ya mtaala ulioanza kutekelezwa Januari 2024. Ni ya haki, ingawa inawaonea huruma mno waandaaji. Ya tatu inahusu intaneti na moduli za mtandaoni. Ya mwisho inadai kwamba posho ndiyo iliyoua semina zetu. Hatukubaliani na hitimisho lake, kwa sababu mwalimu anayelala nje ya kwake siku kadhaa anastahili kulipwa, lakini ushahidi wake kuhusu namna washiriki wanavyoteuliwa ni mzito.

Shule Bora, programu ya elimu inayoendelea Dodoma na Singida tangu 2022, imejengwa juu ya MEWAKA, na siku moja itaandikiwa tathmini yake. Kabla siku hiyo haijafika, tunawaomba maofisa elimu wa halmashauri nane za Dodoma na saba za Singida watuletee orodha moja tu: walimu wa darasa la kwanza na la pili waliofunzwa tangu MEWAKA ianze, pamoja na shule na darasa wanalofundisha sasa. Tutaichapa katika toleo lijalo bila majina ya walimu.