Bando lipo, mtandao umeganda: Tatizo si kasi tu, ni foleni

Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Mto Mkundi, eneo la Dumila, na barabara ya Morogoro–Dodoma ikakatika. Malori na mabasi yakapanga foleni kila upande. Hata kama madereva wangeongezewa eneo la kuegesha, hakuna ambaye angefika Dodoma mapema.

Kwenye vifaa vya intaneti, kosa la kuongeza maegesho lilifanywa kwa miaka mingi.

Simu, ruta na mitambo ya minara vina bufa, yaani kumbukumbu ambamo pakiti za data husubiri zamu. Bei ya kumbukumbu iliposhuka, bufa zikarefushwa bila hesabu ili pakiti isitupwe. Ila hesabu yenyewe ni nyepesi: megabaiti 1 iliyojaa, kwenye laini inayopitisha megabiti 1 kwa sekunde, inachukua sekunde 8 kuisha. Na kwa kawaida mtumaji hupunguza mwendo anapoona pakiti zimepotea. Zisipopotea, anaendelea kusukuma tu.

Sasa chukua mfano wa muuza nyanya pale Dumila. Anapandisha video WhatsApp, papo hapo anamlipa mkulima kupitia programu ya simu. Ombi la malipo ni dogo sana, lakini linakaa nyuma ya video nzima. Programu inachoka kusubiri, inasema imeshindikana. Arudie? Akirudia, hela inaweza kwenda mara mbili.

Njia ikibanwa, hali huwa mbaya zaidi. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Data iliyobaki ikagombania njia chache.

Dawa ya foleni ilikuja 2012, pale Kathleen Nichols na Van Jacobson walipotoa CoDel. Haiangalii foleni ina urefu gani, inaangalia pakiti imesubiri muda gani. Kusubiri kukibaki juu ya milisekunde 5 kwa milisekunde 100, inaanza kutupa pakiti ili mtumaji apunguze mwendo. Ndiyo, kutupa kunasaidia.

Ugonjwa wa pili ni mkwamo. Malori mawili yamekutana katikati ya daraja jembamba, kila dereva anasubiri mwenzake arudi nyuma. Ndani ya programu, sehemu moja imeshika kufuli la bufa ikisubiri la muunganisho. Nyingine imeshika la muunganisho ikisubiri la bufa. Hakuna ujumbe wa kosa. 4G inaonekana, data haitoki, mpaka uzime simu na kuwasha. (Si kila kuganda ni mkwamo, lakini dalili hufanana.)

Tiba yake ni nidhamu: makufuli yachukuliwe kwa mpangilio mmoja daima. Tangu 2006 Linux ina zana, lockdep, inayomwonya mhandisi mpangilio ukivunjwa, hata kabla mkwamo haujatokea.

Android imejengwa juu ya Linux, hivyo marekebisho haya yanakuhusu. Tatizo ni safari yake: simu nyingi za bei nafuu hazipati masasisho kwa muda mrefu, na matangazo ya bando yanataja GB, si muda wa kusubiri.

Baadhi ya programu za kupima kasi sasa huonyesha ping mara mbili: laini ikiwa tupu, na ikiwa na mzigo. Ya kwanza ikiwa 40 na ya pili 900, kununua bando kubwa zaidi hakutaiondoa foleni hiyo.