Sheria iko, sasa ifike kijijini

Kila mwaka tunaandika watoto wengi wa Batwa darasani, kisha mmoja mmoja wanapotea. Watu husema: "Batwa hawapendi masomo." Sisi walimu tunakataa. Mtoto hana daftari, hana karatasi ya kuzaliwa, na vita ya Batwa na Baluba ilikimbiza jamaa nyingi vijijini mwao.

Tarehe 15 Julai 2022 Rais Tshisekedi alitia sahihi sheria nambari 22/030 ya kulinda haki za Wapigme. Sheria ni deni. Mwenye kulilipa ni serikali, si mama anayeuza kuni sokoni.

Na sisi? Juma hili tumsindikize mama mmoja wa Batwa kwenye ofisi ya etasivili. Kuandikisha mtoto kabla ya siku 90 ni bure.