Zumu ya mara 50 na swali la mzee wa Iveti

Leo naweka kando hifadhidata na msimbo ili nizungumzie ugonjwa wangu mwingine: kamera. Wengi wenu huniuliza mnunue kamera gani, na jibu langu huwaudhi waliotarajia nitaje mashine ya shilingi laki mbili. Basi leo natoa jibu refu, pamoja na kisa kimoja cha aibu kilichonifunza kwamba kifaa cha maana kuliko vyote hakiuzwi dukani.

Ninayo Canon PowerShot SX50 HS. Ilitoka mwaka wa 2012 na haitengenezwi tena. Yangu niliinunua mkono wa pili Nairobi, nikapanda matatu kurudi Machakos nikiwa nimeikumbatia kama mtoto. Ni ile aina inayoitwa kamera ya daraja, kwa kuwa imesimama kati ya kamera ndogo ya mfukoni na zile kubwa za kubadilisha lenzi. Lenzi yake haitoki. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho siku ya mwisho, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Zumu yake ni mara 50, yaani 24mm hadi 1200mm kwa vipimo vya filamu ya zamani. Baadaye wenzake waliipita: Nikon P900 ya mwaka wa 2015 ilifika mara 83, na P1000 ya 2018 ikafika mara 125. Lakini hebu tuelewe namba hizi kabla hazijatupumbaza. Lenzi yangu kwa hakika ni ya milimita 215 tu. Inaitwa 1200 kwa sababu sensa iliyo nyuma yake ni ndogo mno, kama milimita 6 kwa 4.5, kwa hivyo inakata kipande kidogo cha kati cha picha. Canon iliwahi kutengeneza lenzi ya kweli ya 1200mm kwa kamera kubwa, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 16 na nusu. Kamera yangu yote, pamoja na betri, ni kama gramu 600. Anayelalamika kwamba picha za ile ya gramu 600 hazifanani na za ile ya kilo 16 angefikiri kidogo.

Gharama ya udogo huo ipo, siifichi. Sensa ya filamu kamili ina eneo la kama mara 30 ya hii yangu, kwa hivyo jua likishatua picha zangu huwa na chenga kama uji wa wimbi usiokorogwa vizuri. Kioo cha kuchungulia ni hafifu. Ndege akiruka, mara nyingi napata tawi tupu. Lakini mimi sipigi picha za harusi. Natoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, napanda milima ya Iveti, narudi saa tatu kunywa chai. Kwa mtu wa namna hiyo naamini kamera ya daraja inatosha, na swali la "hiyo kitu inakulipa?" silijibu tena. Hailipi. Ndiyo maana naipenda.

Sasa tuje kwenye vifaa vya ziada, maana hapo ndipo pesa za watu huzama.

Cha kwanza ni betri ya pili. Hakuna mjadala.

Cha pili ni kadi ya kumbukumbu, na hapa nawasihi mniskize. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 64 kwa bei ya kutupa. Tarakilishi ilisema ni 64, kamera ikasema ni 64, lakini picha za safari moja nzima ziligoma kufunguka. Ndani ilikuwa kadi ya GB 8 iliyofundishwa kusema uongo: ikijaa, inajifanya kuandika. Tangu siku hiyo kila kadi mpya naipima kwa programu ya bure, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi hujaza kadi yote kisha husoma kila kitu kilichoandikwa na kulinganisha. Huchukua saa kadhaa, lakini ni afadhali kujua ukiwa nyumbani.

Cha tatu ni cha kutuliza mkono. Kwenye 1200mm hata mapigo ya moyo yanaonekana. Nina tripodi nyepesi ambayo naining'inizia mkoba ili isipepesuke, lakini ninachotumia zaidi ni mfuko wa kitambaa niliojaza kilo moja ya mahindi. Unauweka juu ya jiwe, unalaza lenzi juu yake, basi. Ukitumia tripodi, kumbuka kuzima kitulizi cha ndani ya kamera na kutumia kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitingishe.

Cha nne ni kikinga jua cha mbele ya lenzi. Baada ya hapo, simamisha pochi yako. Vioo vya ziada vya kuongeza zumu, vile vya kufungwa mbele, sivipendekezi. Vichujio vya bei rahisi pia hapana. Kioo kibaya mbele ya kioo kizuri ni sawa na kuvaa miwani ya mtu mwingine. Tena adui wako mkubwa katika umbali ni hewa yenyewe. Ikifika saa nne, tambarare za Athi zinaanza kuchemka na picha zote zinageuka mazigazi. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Asubuhi baada ya mvua, Kilimanjaro iliyo kilomita 170 hivi kutoka hapa huonekana safi kuliko mbuzi aliye kilomita mbili saa saba mchana.

Kuna kimoja zaidi, cha bure, na ni cha sisi watu wa programu. Kamera nyingi za zamani za Canon, hii yangu ikiwemo, zinakubali CHDK, programu huria inayokaa kwenye kadi na kuipa kamera uwezo ambao haikuzaliwa nao. Haibadilishi chochote cha kudumu. Ukiitoa kadi, kamera inarudi kuwa ilivyokuwa. Unaweza kuandika hati fupi kwa lugha ya Lua na kuiamuru ipige picha kila dakika moja. Siku hati yangu ya mistari 12 ilipofanya kazi nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kazi ninayolipwa.

Sasa kile kisa.

Katika bonde moja chini ya Iveti kuna kichaka cha lantana. Nilikuwa nimesikia kwamba ndege aitwaye kitaalamu Turdoides hindei huishi kwenye vichaka vya namna hiyo pande hizi za Machakos. Ni ndege wa kahawia mwenye madoadoa meupe, hana sura ya kuvutia sana, lakini haishi nchi nyingine yoyote duniani ila Kenya. Nilitamani kumpiga picha. Nikakaa ng'ambo ya bonde, kamera juu ya mfuko wa mahindi, nikangoja. Saa moja ikapita. Kwa uchovu nikaanza kujaribu ukali wa lenzi kwenye vitu vilivyokuwa mbele yangu: mwembe, paa la mabati, kamba ya kuanikia nguo.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu. "Kijana, unapima shamba la nani?"

Nikageuka. Alikuwa mzee mwenye panga mkononi, la kazi, si la vita, lakini panga ni panga.

"Habari ya asubuhi, mzee. Sipimi shamba. Napiga picha ndege."

Akatazama juu angani. "Ndege gani? Hapa hapapiti ndege."

"Hawa wa vichakani, mzee."

Hakucheka. Na mkaaji yeyote wa pande hizi anajua kwa nini. Nairobi inakuja kwetu mbio. Anaanza kuonekana mtu mwenye chombo juu ya kilima, baada ya wiki anakuja broka, baada ya mwezi unaamka unakuta bikoni katikati ya mihogo yako na barua ya wakili. Mtu mwenye lenzi ndefu juu ya mlima si mpenda ndege mpaka athibitishe.

Nikafikiri nitamwonyesha ukweli. Nikageuza skrini, nikamwonyesha picha za asubuhi ile: chozi, kunguru, tawi tupu. Akapendezwa kidogo, akauliza kitufe cha kusogeza ni kipi. Akabonyeza. Mwembe. Akabonyeza. Paa la mabati. Akanyamaza. Akabonyeza tena, na hapo alikuwapo mkewe, anaanika nguo, anaonekana wazi hadi kitambaa chake cha kichwa.

"Na huyu naye," mzee akauliza taratibu, "ni ndege gani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Sikumkusudia yule mama. Nilikuwa najaribu lenzi kwenye kamba ya nguo, naye akapita. Lakini hesabu ni hii: kwa umbali wa mita 400, picha yangu inajaa upana wa mita 11 na nusu hivi, na mtu mzima anachukua kama pikseli 600 kutoka utosini hadi miguuni. Hiyo inatosha kabisa kumtambua mtu aliye nyumbani kwake, asiyejua kwamba anatazamwa. Nilimwomba mzee radhi, nikaifuta picha akiona. Kisha, kwa kuwa kwenye kadi kufuta si kufuta, maana kinachoondolewa ni jina tu na picha yenyewe inabaki hadi iandikwe nyingine juu yake, nilipofika nyumbani nilihamisha zile nilizozitaka na kuifomati kadi yote upya, ule ufomati wa kina.

Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka wa 2019, nayo si ya makampuni ya mtandao peke yake. Mwaka wa 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu. Lakini mimi sitaki kujificha nyuma ya sheria. Yule mzee hakunitajia sheria yoyote. Aliniuliza swali, na swali lile lilikuwa la haki.

Tunapozungumza kuhusu zumu, tunazungumza kana kwamba umbali ni tatizo la kiufundi lililotatuliwa. Mimi naona umbali ulikuwa pia adabu. Zamani, ukitaka kuona boma la mtu, ulilazimika kulikaribia, ubishe hodi, usalimu, uulizwe wewe ni wa nani. Lenzi imetuondolea safari ile na hodi yake. Kwa hivyo, ukinunua kamera ya mara 50, hodi ni juu yako wewe mwenyewe kuirudisha. Kanuni yangu sasa ni rahisi: kabla sijatoa kamera kwenye mkoba, nazunguka bonde, nasalimu kila boma linaloonekana na lenzi, naeleza ninachotafuta. Inanila dakika 40 za mwanga mzuri wa asubuhi, na inauma. Nailipa hata hivyo.

Faida yake sikuitarajia. Watu wanajua ndege kuliko mimi. Yule mama, nilipokwenda kumwomba radhi yeye mwenyewe, aliniambia ndege wangu hawaamkii ng'ambo ile. Huamka upande wa mtoni, kwa makundi, wakipiga kelele. Wiki iliyofuata niliwapata: watatu kwenye tawi moja, picha yenye chenga lakini madoadoa yanahesabika. Mzee aliitazama, akasema alikuwa ameshaanza kukifyeka kile kichaka kwa sababu lantana inadhuru ng'ombe. Hakuniahidi kuacha, nami sikumwomba. Ng'ombe ni wake na shamba ni lake. Nusu ya kichaka bado ipo.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa, nilibeba tripodi nikaenda kwao. Kuanzia saa mbili na nusu usiku mwezi wote ulikuwa mwekundu. Kwa zumu yote, mwezi unachukua karibu nusu ya kimo cha picha, na unakimbia: kila sekunde unasogea kama pikseli 10, na baada ya dakika tatu umeshafika ukingoni. Hati yangu ya Lua ilipiga kila dakika, nami nikawa na kazi ya kurudisha lenzi katikati. Picha zilitoka na chenga tele. Wajukuu walipanga foleni kwenye skrini, wa mbele kabisa akiwa bibi yao.

Alipotosheka aliniuliza kama kamera ile inaweza kuona watu walio mwezini.

"Haiwezi, mama."

"Vizuri," akasema, akaenda kuleta chai.